Jumapili kwa Bwana Siu

Baba akilipwa hasemi. Anapiga mluzi,
anachana nywele kwa maji,
nasi tunajua: leo hakuna kupika.

Lima mwezi wa Julai haina jua.
Ina manyunyu yasiyotaka kuwa mvua,
yananing'inia kwenye nyusi kama vumbi lenye baridi.
Tunashuka mitaa sita ya Breña kwa miguu
(nauli ya watu watano ni bakuli moja la nyama,
Mama alishapiga hesabu zamani)
hadi ule mlango wa bati, taa nyekundu, herufi moja imekufa,
na mvuke unatoka jikoni kukupokea
kabla hujakaribishwa na mtu.

Hapa kila kitu kina namba.
Namba nane, wali wa kukaanga na kuku.
Namba kumi na moja, tambi.
Namba kumi na nne, ya Wilmer, ina vyote viwili:
mlima wa wali huku, mlima wa tambi kule,
na uma wa kaka yangu katikati, unalinda mpaka.
Supu ya wantani ni bure kwa kila namba.
Bure! Baba hulitamka neno hilo
kama mtu aliyeona jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu.

Kitambaa cha plastiki kinanata viwikoni.
Chupa ya soya, kizibo kimevaa ukoko mweusi.
Soda ya njano, lita moja na nusu,
hugawanywa kwa jicho la Mama:
tone halizidi, tone halipungui.

Bibi Hermelinda hasomi namba.
Husubiri supu ije, akaionja, akatikisa kichwa,
akageukia ukuta kama anayetaka kupiga chafya,
na kutoka kifuani, chini ya shali mbili,
akachomoa kichupa:
pilipili ya milimani kwao, kaisaga mwenyewe juu ya jiwe,
pamoja na majani ninayoyajua jina kwa Kiquechua tu.
Matone matatu. Kizibo. Kifuani.
"Mama, tutafukuzwa," Baba hunong'ona.
"Supu hii imesinzia," husema Bibi. "Naiamsha."

Jumapili ile Bwana Siu alikuwa nyuma yetu,
taulo begani.
Hakusema kitu. Alinyoosha mkono, kiganja juu,
kama msimamizi wa mtihani aliyeona kikaratasi.
Bibi akamtazama.
Kihispania chake Bibi kilikuwa haba,
cha Bwana Siu kilikuwa haba upande mwingine:
haba na haba, wala hazikujaza kibaba.
Akampa.

Kichupa kikaingia jikoni.
Tukaacha kutafuna. Wilmer pekee aliendelea,
mpaka wake ukafutika.
Tukasikia kijiko. Tukasikia kimya.
Kisha kikohozi, kikohozi kikubwa,
na wapishi wakicheka kwa Kikantoni,
kicheko kisichodai mkalimani.

Alirudi macho mekundu, pua inachuruzika,
kichupa kimebaki nusu,
na sahani ya wantani za kukaanga ambazo hatukuagiza.
Akaiweka mbele ya Bibi, si mbele ya Baba.
Akatoa kipande cha tangawizi mfukoni mwa aproni,
akakigonga mezani mara mbili.
"Kion," akasema.
Bibi akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa tena.
Akakitia kifuani, mahali pa kichupa.

Bili ilipokuja Baba aliisoma mara tatu.
Soli mbili zimezidi, alisema, sitanyamaza,
wantani ni wantani na hesabu ni hesabu.
Akaenda kaunta kugomba.
Akakawia. Tukachungulia:
ameinama, sikio kwenye mlango wa friji ya soda,
kama daktari kwenye kifua cha mtoto.
Alirudi bila zile soli mbili.
Ana kazi Jumanne.

Njiani manyunyu yalikuwa yale yale.
Bibi alitangulia, mwendo si wa magoti yake,
mkono mmoja kifuani,
mwingine umeshika mfuko wa wali uliobaki,
akauliza, bila kugeuka,
hivi mafriji ya watu wa mtaa huu
hayaharibiki mara mbili kwa mwezi?